Tuta lilisimama, tope likatokea chini: kisa cha Kaunti ya Martin

Tuta halikupasuka. Anayekisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza hutarajia kukuta ukuta ulioporomoka, maana ndivyo ajali nyingi za mabwawa zinavyosimuliwa. Lakini usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2000, tuta la bwawa la tope la makaa ya mawe karibu na mji wa Inez, Kaunti ya Martin, jimbo la Kentucky nchini Marekani, lilibaki pale pale lilipojengwa. Bwawa lilitoboka kwa chini. Saa sita ya usiku ikiwa imepita kidogo, tope lilipenya ukingo wa mwamba na makaa uliobaki kati ya bwawa na mgodi wa zamani uliokuwa ndani ya kilima, likajaza njia za mgodi huo, kisha likatokea kwenye milango yake miwili, kila mmoja ukitazama bonde lake. Mlango mmoja ulimwaga kwenye kijito cha Coldwater Fork, mwingine kwenye Wolf Creek.

Makadirio ya tope lililotoka yanaanzia galoni milioni 250 na kupita milioni 300, yaani kati ya lita milioni 950 na lita bilioni 1.1 na ushei. Wengi hulinganisha na meli ya Exxon Valdez iliyomwaga galoni milioni 11 za mafuta mwaka 1989. Sioni faida kubwa ya ulinganisho huo. Mafuta huelea na tope huzama, na kila kimoja kinaua kwa namna yake. Kinachosaidia zaidi ni kufuata njia ya tope lenyewe: kutoka vijito viwili hadi Tug Fork, kutoka hapo hadi mto Big Sandy, na mwishoni mto Ohio. Mahali fulani lililala kwa kina cha zaidi ya futi tano, juu ya mashamba na nyua za watu. Katika Coldwater Fork na Wolf Creek viumbe wa majini walikufa wote. Watu zaidi ya 27,000 walivurugikiwa na huduma ya maji ya bomba. Hakuna mtu aliyekufa, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kisa hiki kutojulikana sana nje ya wanaofanya kazi ya maji na mazingira.

Nimekichagua kwa sababu kinavunja desturi moja mbaya ya ofisi zetu za mazingira: faili la maji ya juu ya ardhi kwenye kabati moja, faili la maji ya chini ya ardhi kwenye kabati jingine. Pale Inez maji yalikuwa ya juu, yakawa ya chini, yakarudi kuwa ya juu, yote katika usiku mmoja.

Bwawa lenyewe lilikuwa nini

Makaa yanapotoka mgodini huja yamechanganyika na mawe na udongo. Mnunuzi hataki kulipia mawe, kwa hiyo makaa hupelekwa kiwanda cha kuosha, ambako hutenganishwa kwa maji kwa kutumia tofauti ya uzito: makaa ni mepesi, jiwe ni zito. Baada ya kuosha hubaki taka za aina mbili. Ya kwanza ni mawe makavu, na haya hutumika kujengea tuta. Ya pili ni tope jeusi lenye chembe ndogo za makaa, udongo wa mfinyanzi, vumbi la mwamba, na mabaki ya kemikali zinazotumika kiwandani kusaidia chembe kushikana na kuzama. Tope hili husukumwa kwa pampu hadi nyuma ya tuta, chembe zituame, maji ya juu yarudishwe kiwandani.

Ugumu uko kwenye ule udongo wa mfinyanzi. Ukichota tope hili kwenye chupa ya kioo ukaliacha mezani, mchanga utazama mbele ya macho yako, vumbi la makaa litafuata, lakini mfinyanzi utaendelea kuning'inia na kuyapa maji rangi kwa muda mrefu sana. Chini kabisa hupati udongo mkavu, unapata uji. Uji huo hukaa bwawani miaka na miaka na unaendelea kusukuma pande zote, kwa sababu ni kimiminika. Bwawa la Inez lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 70, na mmiliki wake alikuwa Martin County Coal Corporation, kampuni tanzu ya A.T. Massey Coal.

Katika nchi ya vilima vilivyobanana kama mashariki mwa Kentucky, mabwawa haya huwekwa kichwani mwa bonde. Upande mmoja ni tuta, pande nyingine ni kilima chenyewe. Wahandisi wanalijua tuta vizuri: walilijenga, wamepima mgandamizo wake, wameweka mabomba ya kupimia shinikizo la maji ndani yake. Kilima hawakukijenga. Na kilima kile kilikuwa kimechimbwa. Tabaka la makaa lilikuwa limefuatwa na wachimbaji kwa njia za chini kwa chini hadi karibu na ubavu wa bonde, wakaacha ukanda wa makaa ambayo hayakuchimbwa upande wa nje. Ukanda huo na mwamba ulioufunika ndio uliokuwa ukuta halisi wa bwawa. Kadiri tope lilivyopanda mwaka hadi mwaka, ndivyo lilivyozidi kuuegemea.

Mwaka 1994

Mwezi Mei 1994 bwawa hilo hilo lilitobokea mgodi huo huo. Safari hiyo kilichotoka zaidi kilikuwa maji, na madhara yalikuwa madogo. Kampuni ilipeleka mpango wa marekebisho kwa MSHA, idara ya shirikisho inayosimamia usalama wa migodi, na mpango ukapitishwa: ukingo wa kuzuia mvujo ujengwe kwa mawe na udongo kuzunguka kingo za bwawa zinazopakana na mgodi, na tope laini lielekezwe kwenye ukingo huo ili lituame pale na kuziba nyufa. Wazo la pili lina akili. Tope lililotuama vizuri halipitishi maji kwa urahisi, hivyo ukilituamisha mahali panapovuja, taka inageuka kuwa lakiri. Lakini inabidi mdomo wa bomba la tope uhamishwe mara kwa mara, ili kila kipande cha ukingo kipate tabaka lake, na maji safi yasiachwe yakagusa ukingo mtupu. Hiyo si kazi ya mhandisi. Ni kazi ya mtu wa zamu anayevuta bomba kwenye matope.

Hesabu nyingine iliyobeba mpango ule ilikuwa unene wa ukanda wa kilima. Kwa ramani za kampuni, kati ya bwawa na njia za mgodi kulikuwa na zaidi ya futi 70 za makaa na mwamba. Baada ya ajali, uchunguzi ulionyesha kwamba pale tope lilipopenya unene haukufika futi 20. Na si futi 20 za mwamba mzima. Ukanda ulio karibu na uso wa kilima umepigwa na mvua na baridi kwa maelfu ya miaka, una nyufa, na nyufa hizo ni njia za maji.

Maji yakipata njia ndani ya mwamba uliochoka hayatulii. Yanabeba chembe moja moja, njia inapanuka, mtiririko unaongezeka, chembe nyingi zaidi zinabebwa. Wahandisi wa mabwawa wanaijua tabia hii vizuri na ndiyo wanayoiogopa kuliko zote, kwa sababu kwa muda mrefu dalili pekee ni maji kidogo yanayotoka upande wa pili. Tope likishapita, hakuna valvu ya kufunga.

Mlango wa mgodi ulikuwa kisima cha kupimia

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Mgodi wa zamani ulio chini ya bwawa hutoa maji mlangoni kwake. Ni kawaida: mvua inapenya kilima, inakusanyika kwenye njia, inatoka pale palipo chini. Kwa mtu wa maji, mlango huo una thamani kubwa. Ukichimba kisima cha ufuatiliaji unapata habari za nukta moja ya kilima, lakini mlango wa mgodi unakukusanyia habari za kilima kizima. Ukitaka kujua kama bwawa linavuja, nenda mlangoni.

Vitu vya kupima ni vichache. Cha kwanza ni kiasi, kwa ubao wenye pengo la pembetatu unaowekwa kwenye mtaro, usome kimo cha maji kwenye pengo ugeuze kuwa lita kwa dakika. Cha pili ni rangi na uchafu. Cha tatu ni kemia: pH (kipimo cha tindikali, 7 ikiwa katikati na namba ndogo zaidi ikimaanisha tindikali zaidi), uwezo wa maji kupitisha umeme, salfeti, chuma, manganizi. Na daima mvua ya wiki hiyo iandikwe pembeni, kwa sababu maji yakiongezeka baada ya mvua kubwa unaweza kuvumilia usubiri, ila yakiongezeka katika wiki kavu yametoka kwingine, na bwawa liko hapo juu.

Miongoni mwa makosa ambayo MSHA iliiandikia kampuni baada ya ajali, lipo la maji yaliyoongezeka kwenye mlango wa mgodi bila hatua inayostahili kuchukuliwa. Jingine lilihusu kutofuata mpango wa 1994 wa kuziba kingo. Yaweke pamoja uone picha: kipimo kilikuwepo, kilisomwa, kikabadilika, na tope halikuelekezwa kulikotakiwa. Kifaa hakikukosekana, wala maarifa. Naona kilichokosekana ni sentensi moja ndani ya mpango inayosema mtiririko ukifika kiasi fulani, pampu za tope zinazimwa hadi mhandisi aje aangalie, na mtu wa zamu ana mamlaka ya kuzizima bila kuomba ruhusa. Nimeona mipango mingi ya ufuatiliaji. Karibu yote inaeleza kwa ufasaha nani atasoma kipimo na mara ngapi. Michache sana inaeleza nani atazima nini.

Kuhusu kemia, kuna mtego unaowakamata hata wazoefu. Wengi husubiri pH ishuke. Mawe yanayotoka na makaa huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutengeneza tindikali ya salfuri na kuacha kutu ya rangi ya chungwa kwenye mitaro. Lakini kama mwamba una chokaa, chokaa inaimeza tindikali hiyo ikiwa bado mbichi. pH inabaki 7, kila mtu anafurahi. Salfeti inayotokana na tindikali hiyo haimezwi. Inasafiri na maji bila kushikwa na udongo, ndiyo maana inatangulia kufika kwenye kisima, wakati mwingine muda mrefu kabla ya chuma au tindikali. Kisima chenye pH nzuri na salfeti inayopanda mwezi baada ya mwezi kinakuambia kwamba maji ya lundo la makaa au taka zake yameshafika na chokaa inaendelea kuliwa. Makaa ya mashariki mwa Kentucky kwa jumla yana salfa kidogo, hivyo pale Inez tatizo kubwa lilikuwa tope kuliko tindikali. Kwingine mambo hugeuka.

Kanuni zilikuwepo

Ni rahisi kudhani kwamba palikosekana sheria. Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, tuta la taka za makaa lilipasuka, galoni milioni 132 zikashuka bondeni na watu 125 wakafa. Kanuni zilizofuata zilikuwa kali kuhusu tuta: mteremko wake, mifereji yake, ukaguzi wake wa kila wiki. Zilitungwa na watu waliokuwa wameona tuta likipasuka, na kwa kazi hiyo zilifaa. Bwawa la Inez lilikaguliwa kwa macho hayo hayo, na tuta lake likafaulu hata usiku ule.

Upande wa maji yanayotoka kiwandani pia kulikuwa na viwango. Kanuni za shirikisho kwa viwanda vya kuosha makaa na maeneo yake zinataka pH iwe kati ya 6 na 9, na chembe zinazoelea zisizidi miligramu 70 kwa lita siku yoyote, wala 35 kwa wastani wa siku 30. Viwango hivi vina maana yake, vimeokoa vijito vingi. Ila vinapimwa kwenye mdomo wa bomba ulioandikwa kwenye kibali. Tope la Oktoba 2000 halikupita kwenye mdomo huo.

MSHA ilitazama usalama wa bwawa, mamlaka za uchimbaji zikatazama ardhi, mamlaka za mazingira zikatazama kinachoingia mtoni. Ule ukanda wa futi zisizofika 20, ambao ulikuwa bwawa na mgodi na chanzo cha uchafuzi kwa pamoja, ulikuwa mpakani mwa wote. Kwa maoni yangu hicho ndicho chanzo cha ndani kabisa cha ajali hii, kuliko uzembe wa mtu mmoja mmoja, ingawa uzembe ulikuwepo.

Adhabu ya shirikisho ilipendekezwa kuwa dola 110,000, kisha jaji akaishusha hadi takriban dola 5,600. Jimbo lilipata zaidi: dola milioni 3.25 mwaka 2002. Mjumbe mmoja wa timu ya uchunguzi, Jack Spadaro, alijitoa na kukataa kutia saini ripoti, akidai uchunguzi ulibanwa. Gharama za usafishaji zilikwenda kwenye makumi ya mamilioni ya dola, na nadhani hilo pengo kati ya faini na gharama linaeleza kwa nini kampuni nyingi leo zinamsikiliza mtu wa bima kuliko mkaguzi.

Kwa eneo lisilo na bwawa

Anayesimamia uwanja wa kupakulia makaa, bandarini au kituo cha reli, anaweza kusema kisa hiki hakimhusu, yeye hana bwawa la ekari 70. Ana malundo, mikanda ya kusafirishia, mitaro na bwawa dogo la kutuamisha. Ni kweli ukubwa ni tofauti. Maji hayajali.

Mvua ikinyesha juu ya lundo, sehemu inateremka pembeni ikiwa nyeusi, sehemu inapenya na kukaa ndani, na siku kadhaa baadaye inachuruzika chini ya lundo ikiwa na chumvi na chuma nyingi kuliko ile ya kwanza. Sehemu ya kwanza inaonekana, kwa hiyo inapata mtaro. Sehemu ya pili inahitaji sakafu: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au karatasi ngumu ya plastiki chini ya tabaka la kokoto, yenye mwinamo wa kupeleka maji kwenye mtaro. Mtaro wa upande wa juu wa eneo ni muhimu kuliko ule wa chini. Huo unazuia maji safi ya mlimani yasiguse makaa kabisa, na kila lita usiyoichafua ni lita usiyohitaji kuisafisha. Mabwawa ya kutuamisha mara nyingi hupimwa kwa mvua ya saa 24 inayotarajiwa kwa takwimu mara moja katika miaka 10. Hesabu hiyo inakuwa ya karatasini tu iwapo nusu ya bwawa tayari imejaa tope la mwaka jana.

Kila eneo pia lina milango yake ya mgodi kwa jina jingine. Kuna shimo la uchorongaji lililoachwa bila kuzibwa kwa saruji, ambalo ni bomba la moja kwa moja hadi kwenye maji ya chini. Kuna kalavati la zamani lililofukiwa wakati uwanja unapanuliwa, ambalo bado linapitisha maji hadi mtoni bila kuonekana kwenye ramani yoyote. Kuna kisima cha zamani kilichofunikwa kwa bamba la chuma nyuma ya karakana. Visima vya ufuatiliaji viwekwe kimoja upande maji ya chini yanakotoka na kadhaa upande yanakoelekea, vipimwe kabla lundo la kwanza halijamwagwa, kwa sababu bila kipimo cha mwanzo kila ubishi wa baadaye utaishia kwenye neno la mmoja dhidi ya la mwingine. Lakini kabla ya kuvichimba, mtu atembee eneo zima akiwa na mzee aliyefanya kazi pale. Kalavati halijitokezi kwenye sampuli ya kisima kilichochimbwa mita 50 pembeni.

Yaliyobadilika

Bunge la Marekani liliagiza utafiti, na mwaka 2002 kamati ya Baraza la Kitaifa la Utafiti ikatoa ripoti. Ilisisitiza ramani bora za migodi ya zamani, vipimo vya kuthibitisha unene wa ukanda badala ya kuuamini mchoro, na njia mbadala za kushughulikia tope. Mwaka huo huo, mwezi Julai, wachimbaji tisa walinaswa katika mgodi wa Quecreek, jimbo la Pennsylvania, baada ya kutoboa bila kujua mgodi wa jirani uliojaa maji. Ramani waliyoitumia haikuonyesha uchimbaji wa mwisho wa mgodi ule wa zamani. Wote waliokolewa wakiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Kwao maji yaliingia, pale Inez yalitoka, na kosa la ramani lilikuwa lilelile.

Kuhusu njia mbadala, inayozungumzwa zaidi ni mashine za kukamua tope kiwandani, ili taka itoke ikiwa nyevu lakini inashikika, irundikwe na kushindiliwa badala ya kusukumwa kwa pampu. Inapunguza maji yaliyohifadhiwa juu ya vichwa vya watu, na ndiyo faida kubwa. Ina gharama zaidi kuiendesha, mfinyanzi mwingi unaziba vitambaa vya kuchujia, na lundo hilo bado litanyeshewa na litachuruzika, kwa hiyo sakafu na mitaro haiepukiki. Kwa eneo lililo juu ya mgodi wa zamani ningeichagua bila kusita. Kwa eneo lenye mwamba mzima na bwawa lililotandikwa vizuri, ningetaka kuona hesabu kwanza.

Mhakiki anayepewa faili la eneo la makaa aombe ramani ya vilivyo chini kabla ya michoro ya tuta, aangalie tarehe ya upimaji wa mwisho, kisha aulize mgodi ulifungwa lini. Ikiwa uchimbaji uliendelea baada ya tarehe ile, uchorongaji wa kuthibitisha unene ufanyike kwanza, na bwawa lisubiri.